Kofia ya manjano: barua kwa mwanangu uliye tumboni

Kisumu, Jumapili usiku, mwisho wa Aprili

Mwanangu,

Leo umetimiza wiki 37. Ni saa nne na nusu usiku, stima imerudi baada ya mvua, nami nimeketi kitandani nimeegemea mito mitatu. Nikilala chali kiungulia hunipanda hadi kooni kama mtu aliyemeza pilipili nzima. Baba yako amelala. Wewe hujalala. Umeweka kisigino, au pengine ni goti, chini ya ubavu wangu wa kulia, na kila nikikisukuma kidogo unakirudisha palepale.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ya nyumba hii. Mimi ni Mbukusu wa Bungoma, baba yako ni Mjaluo wa Siaya. Tulikutana soko la Kibuye, yeye akiranda mbao upande wa mafundi wa fanicha, mimi nikishona sare za shule upande wa pili. Jioni huweka mdomo karibu na kitovu changu akakusemesha Kijaluo. Mchana tukiwa wawili kibandani, mimi nakuimbia za Kibukusu. Utakapotoka utazijua sauti zote mbili.

Nimeona akina mama wakishajifungua husahau siku kama hizi. Nikimuuliza mama yangu mwezi wa tisa ulikuwaje kwake, ananiambia tu, "Ulikuja, tukashukuru." Mimi nataka ubaki umeandikwa mahali.

Ulipofika miezi saba tumbo lilianza kugusa meza ya cherehani. Nikasogeza kiti nyuma. Mwezi wa nane nikakisogeza tena, na sasa nashona mikono imenyooka kama ninayesukuma rukwama, mgongo ukiwaka kuanzia saa nne asubuhi. Joto la Kisumu unalisikia mara mbili ukiwa na mimba. Miguu inavimba hadi malapa yangu hayaingii, navaa ya baba yako. Jioni nikibonyeza kifundo cha mguu, kidole kinaacha shimo. Usiku naamka mara nne au tano kwenda chooni, na choo chetu kiko mwisho wa ploti, kwa hiyo baba yako huamka nami na tochi ya simu. Anasimama nje akiwa amefunga macho. Hajawahi kulalamika hata siku moja, na hilo nataka ulijue kumhusu kabla hujamjua kwa lingine lolote.

Kuna siku nimelia kwa sababu kola ya shati ilikataa kukaa sawa. Mteja alikuwa amesimama pale. Alikuwa mama wa watoto watatu. Alichukua kiti, akaketi, akaniambia nimalize kulia kwanza, shati litangoja.

Lakini kuna jambo linalonifurahisha kila asubuhi. Nikikanyaga pedali unatulia. Nikisimama kubadilisha bobini unapiga, kana kwamba unauliza mbona kelele zimekatika. Nesi aliniambia mtoto wa umri wako anasikia sauti za nje. Basi wewe umekulia ndani ya cherehani, mwanangu, mshono kwa mshono, na sare nyingi za muhula huu wa pili tumezishona pamoja.

Kliniki nimehudhuria bila kukosa. Nesi hunilaza, akatoa utepe wa kupimia kama huu ninaouvaa shingoni siku nzima, akapima kuanzia mfupa wa kinena hadi kilele cha tumbo. Mara ya kwanza nilishangaa. Mimi hupima watu viuno na mabega, sikujua mtoto naye hupimwa kwa utepe kabla hajazaliwa. Akanieleza kwamba baada ya mwezi wa tano au wa sita sentimita hukaribiana na wiki: wiki 30, karibu sentimita 30. Wiki ya 35 ulikuwa 34. Moyo ulinishtuka, kwani kwa fundi sentimita moja ni kosa, nguo inambana mtu. Akacheka akasema tofauti ya sentimita mbili hivi haiwatishi, ila akiona umepitwa zaidi angenipeleka kwa picha. Kisha akaweka kile kipembe chake tumboni, sikio upande wa pili, akatazama saa. Akaandika 142. Moyo wako, kwa dakika moja. Wangu haufiki mbio hizo hata nikipanda ngazi.

Vidonge vitatu vya kuzuia malaria nilivimeza mbele yake, mwezi baada ya mwezi, maana huku ukanda wa Ziwa mbu hawana msimu wa kupumzika. Chandarua kimefungwa, na baba yako amekishona tundu moja yeye mwenyewe, kwa mshono mbaya ambao sitaufumua.

Damu ndiyo iliyonisumbua. Nilikuwa na 9.6, na inayotakiwa ni 11 au zaidi. Nesi aliniuliza nakula nini, nikamtajia ugali, managu, omena, uji wa wimbi. Akaniuliza tena, safari hii akinitazama machoni: "Na odowa?" Nikanyamaza. Odowa ni yale mawe laini ya udongo wanayouza sokoni kwa mafungu, na mwanamke mwenye mimba akisikia harufu yake baada ya mvua anaweza kuacha pesa ya mboga hapo. Nilikuwa nayo mfukoni wakati huohuo. Alinieleza polepole, bila kunigombeza, kwamba udongo ule unazuia chakula kuingiza madini ya chuma mwilini, na unaweza kuwa na mayai ya minyoo. Chai pia aliniambia niiweke mbali na vidonge vya damu, nivimeze na maji ya chungwa. Niliacha odowa. Sikuiacha siku ileile, sitakudanganya, ilinichukua karibu wiki mbili za kutafuna karanga na kugeuza uso nikipita pale sokoni. Mwezi huu nimefika 10.8. Vidonge vinafunga choo, lakini navimeza.

Sasa nikuambie kuhusu Alhamisi ile.

Ilikuwa wiki ya 35, sare zilikuwa zimenijaa hadi nikaanza kuzipanga sakafuni. Nilikanyaga pedali tangu saa mbili asubuhi, nikala nikiwa nimeketi palepale, na kwa kuwa nimezoea utulie cherehani inapolia, sikugundua. Jioni nilipokunja kitambaa cha mwisho ndipo nilijiuliza: leo amenipiga saa ngapi? Sikukumbuka hata mara moja.

Jirani mmoja, mtu mwema kabisa, aliniambia nisijitese. Mtoto akikaribia kuzaliwa hutulia, hana nafasi ya kucheza. Nilitaka sana kumwamini. Lakini kliniki tuliambiwa kinyume chake: mtoto hucheza hadi mwisho, hata kama teke linageuka kuwa msukumo, na akipungua usingoje. Nikanywa uji, nikalala ubavu wa kushoto, nikaanza kuhesabu. Mateke 10 ndani ya saa mbili, ndivyo nesi alivyosema. Baba yako alikaa sakafuni na simu, akiandika. Saa moja na nusu ikapita, ameandika 3, na la tatu sikuwa na hakika nalo.

Tukatoka saa tatu usiku, mvua ikinyesha, tuktuk ikipita kwenye maji kama mashua. Kituo cha kwanza tulichofika, mlinzi alisema wahudumu wameshatoka, turudi asubuhi. Sikumbuki kama nilimjibu. Nakumbuka baba yako akimwambia dereva, "Twende," kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia.

Huko pengine walinilaza mara moja. Mkunga alikuwa mzee, mikono yake baridi. Aliweka mashine tumboni ikatoa kelele za upepo tu, akaisogeza, upepo, akaisogeza tena. Mwanangu, sijui ilikuwa sekunde ngapi. Nilikuwa nikihesabu matone ya mvua kwenye bati. Kisha ukasikika, tap-tap-tap-tap, haraka haraka, kama cherehani ya pedali mtu anapokimbilia kumaliza. Baba yako aliketi chini kwenye saruji pale pale. Walituweka hadi asubuhi wakikuangalia, na alfajiri uliamka ukapiga kila upande. Mkunga akaniambia nilifanya vyema kuja, na kwamba nikihisi vile tena nije tena, hata kama ni mara kumi, wala nisione haya.

Tangu hapo nazima cherehani kila baada ya saa moja, nakusikiliza. Wateja wangu wamezoea. Baba yako naye amekariri mambo ya kutukimbiza hospitalini kama sala ya Baba Yetu: kichwa kuuma kusikoacha, macho kuona ukungu, uso kuvimba ghafla, damu, maji kuvunjika. Namba ya dereva wa tuktuk ameiandika ukutani kwa penseli ya useremala. Mkoba uko nyuma ya mlango, na ndani mna kitabu cha kliniki, kitambulisho changu, karatasi ya SHA, bima ya afya, leso mbili, beseni dogo, pamba. Tumepanga kwenda hospitali kuu, ile ambayo watu wazima wa Kisumu hadi leo huiita Russia, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti na kufunguliwa mwaka 1969. Baba yako alizaliwa huko pia.

Utaona kwamba ndani ya mkoba sijataja nguo zako. Hazikuwamo.

Kulikuwa na mwingine kabla yako. Mwaka 2022, miezi mitano, mimba ikatoka. Nilikuwa nimeshamshonea vitu sita, navikumbuka kimoja kimoja. Wazee wa kwetu na wa kwao baba yako hawapendi mtu amnunulie nguo mtoto ambaye hajafika, nami baada ya hapo sikuhitaji kukumbushwa. Kwa hiyo nimewashonea watoto wa Nyalenda, wa Manyatta, wa Kondele, kaptula na sketi na mashati, na wewe, mtoto wa fundi, sikuwa nimekukatia hata kitambaa cha kidole kimoja.

Jumatatu baada ya ile Alhamisi nilikata. Kulikuwa na kipande cha flaneli ya manjano kilichobaki, nikakushonea kofia kwa dakika ishirini nikiwa nimeupa mlango mgongo, nikaificha kwenye sanduku la vifungo.

Juzi Ijumaa nyanya yako mzaa baba alikuja kutoka Siaya kukaa nasi hadi utakapozaliwa. Alileta kuku wawili, omena, na unga wa wimbi aliousaga mwenyewe. Jana alitaka kushona kifungo cha blauzi yake, na kabla sijainuka alikuwa ameshafungua sanduku. Nilikisikia kimya chake kutoka jikoni. Nilipotokea alikuwa ameishika kofia kwenye kiganja. Ilienea pale pale, haikupita vidole.

Nikaanza kusema Mama, nisamehe. Hakunijibu. Aliigeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba juu ya mshono, polepole, akauzunguka wote.

"Nyar Bungoma," akasema, yaani binti wa Bungoma, "mshono huu utamkwaruza utosi. Ugeuze ukae nje. Na hizi kamba za kidevuni, zitoe."

Akaomba wembe. Tukaketi mlangoni, yeye akifumua, mimi nikiokota nyuzi, hadi mawingu yakashuka kutoka upande wa milima ya Nandi na tukalazimika kuingia. Ndipo akaanza habari za jina lako. Ukizaliwa usiku utakuwa Otieno au Atieno, ukija na jua la mchana Ochieng' au Achieng', ila ana jina la marehemu analolitaka liwemo pia. Nikamwambia kwetu mtoto wa mvua ni Wafula, na msichana ni Nafula. Akafikiri. Akasema na kwao yupo wa mvua, Okoth, na Akoth. Tukatazamana. Mvua ilikuwa inapiga bati hatuwezi kusikilizana, tukaacha hapo.

Kofia iko mapajani mwangu ninapoandika. Ninaishona upya kwa mkono, mshono nje, kama alivyosema, naandika mistari michache, nashona kidogo. Imebaki karibu inchi tatu. Umenipiga mara tisa tangu nianze ukurasa huu. Uzi umeisha kwenye sindano, ngoja niutunge.

Mama yako