Kuhusu ile bastola ya ghalani

Wete, Pemba

Ndugu yangu Faki,

Assalaam alaykum. Khati yako imenifikia, nasi hapa nyumbani hatujambo, alhamdulillahi. Karafuu zimeanza kuanikwa na mtaa mzima unanukia. Nimefurahi mno kusikia umekabidhiwa ghala la silaha kikosini. Kazi ile inataka mtu mwenye subira kama wewe.

Umeniuliza juu ya ile bastola ya Glock 17 ambayo vilengeo vyake vya plastiki, vile viwili vya kulengea vilivyo juu yake, cha mbele na cha nyuma, vimelika. Kabla hujaagiza vipya, nenda nayo uwanjani. Weka karatasi mita 15, egemeza mikono kwenye mfuko wa mchanga, piga taratibu, kisha pima matundu yamekusanyika wapi. Watu huchagua kilengeo kwa rangi, na jambo lenyewe ni kimo. Risasi zikiingia chini ya ulipolenga, unataka cha mbele kiwe kifupi zaidi, au cha nyuma kiwe kirefu zaidi. Zikiingia juu, geuza. Hesabu yake nyepesi: umbali baina ya vilengeo viwili, ambao kwa Glock 17 ni kiasi cha milimita 165, zidisha kwa kosa ulilopima, ugawe kwa umbali wa shabaha, vyote kwa milimita. Kosa la sentimita 10 kwa mita 15 ni milimita 1.1 tu! Ndiyo maana siwezi kukutajia kimo bila ya karatasi yako.

Kwa kuwa vijana wako wanalinda usiku, cha mbele kiwe cha tritiamu, ile gesi inayotoa mwanga gizani, chenye duara la rangi ya machungwa, na cha nyuma cheusi kitupu. Jicho litulie kwenye cha mbele. Nukta tatu zinazong'aa sawasawa, moja mbele na mbili nyuma, hulivuta huku na huku. Ila uliza kimetengenezwa mwaka gani, maana mwanga wa tritiamu hupungua nusu kwa kila miaka 12 hivi. Na kwa chumvi ya visiwani kwetu, chuma chake kiwe kimetiwa dawa ya kutu.

Siku ya kufunga vilengeo vipya, toa magazini, vuta slaidi, kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na mbele, tazama chemba, pale risasi inapokaa, kwa jicho na uipapase kwa kidole. Risasi zisibaki hata moja katika chumba unachofanyia kazi. Kisha ivue slaidi peke yake. Cha mbele kimeshikwa na skrubu ndogo kwa chini: ifute mafuta yote, itie tone moja la gundi ya skrubu, wala usiikaze kwa nguvu, hukatika. Cha nyuma kimebana kwenye mfereji mwembamba juu, mpana chini, kama maungo ya sanduku la seremala. Usikigonge kwa nyundo ya chuma; kisukume kwa kisukumio cha skrubu, kile chombo cha kusogezea vilengeo kwa kuzungusha skrubu, pole pole. Kikikataa kuingia, piga tupa tako la kilengeo, kamwe usiiguse slaidi. Kilengeo utanunua kingine.

Kikishakaa katikati, rudi uwanjani. Risasi zikienda kushoto, kisogeze cha nyuma kulia kidogo, upige tena.

Kisukumio changu bado ninacho. Mwanangu anavuka na boti wiki ijayo, inshaallah, nitampa akuletee. Wewe mkabidhi ile karatasi, na uandike juu yake umelenga wapi.

Nduguyo,
Khamis