Ruzuku ya tano ya SEISS: dereva alilinganisha nauli nzima na nauli iliyokatwa kamisheni

Ndugu Mshauri,

Salaam. Tunaandika kabla ya Januari 2023 kwisha, na tunaomba ushauri kuhusu SEISS, ruzuku ya waliojiajiri iliyotolewa na serikali ya Uingereza wakati wa korona. Anayehusika ni dereva wa minicab London, na karibu abiria wake wote huwapata kwa app. Ruzuku nne za kwanza hazina neno. Tatizo ni ya tano.

Hiyo ilikuwa na mtihani wa mauzo, yaani mapato yote kabla ya kutoa gharama. Unachukua mauzo ya miezi 12 kuanzia tarehe yoyote kati ya 1 na 6 Aprili 2020, unayalinganisha na ya mwaka wa kodi 2019-20 (au 2018-19, kama 2019-20 haukuwa wa kawaida). Yakiwa yameshuka kwa asilimia 30 au zaidi, unalipwa asilimia 80 ya faida ya miezi mitatu, isizidi pauni 7,500. Yakishuka chini ya hapo, unalipwa asilimia 30 tu, isizidi pauni 2,850.

Ritani (fomu ya kodi ya mwaka) ya 2019-20 iliandaliwa na mhasibu kutoka kwenye muhtasari wa mwaka wa app: nauli zote pauni 36,000, kamisheni inayokatwa na app ikawekwa upande wa gharama. Ndivyo inavyotakiwa. Lakini maombi ya SEISS hayakuruhusiwa kufanywa na mhasibu, ilibidi mwenyewe ayajaze. Yeye akafungua taarifa ya benki, akajumlisha fedha zilizoingia kutoka kwenye app katika ile miezi 12 ya kuanzia Aprili 2020, akapata pauni 21,000. Kwa hesabu hiyo mauzo yameshuka kwa karibu asilimia 42, akadai ile ya 80.

Fedha za benki huingia kamisheni ikiwa imeshakatwa, na kwake ni asilimia 25. Kwa hiyo nauli halisi zilikuwa pauni 28,000, na mauzo yalishuka kwa asilimia 22 tu, kwa sababu aliendelea kubeba wahudumu wa hospitali hata wakati wa kufungiwa. Faida yake ya wastani ni pauni 16,000 kwa mwaka, yaani 4,000 kwa miezi mitatu. Alilipwa 3,200, haki yake ilikuwa 1,200.

Kosa hili halionekani kwenye kodi. Ukiandika 28,000 ukatoa kamisheni 7,000, au ukiandika 21,000 bila kamisheni, faida ni ileile. Ndiyo maana madereva wengi hawajalishtukia mpaka leo. (Wapo pia waliokosea kinyume chake: walihesabu ruzuku za awali na misaada ya halmashauri kama mauzo, anguko likaonekana dogo, wakachukua 30 badala ya 80. Hao mlango wao ulifungwa 30 Septemba 2021.)

Sasa ritani ya 2021-22, ambayo ndiyo inayobeba ruzuku ya nne na ya tano, inatakiwa mtandaoni kabla ya 31 Januari 2023 kupita. Tunakwama hapa. Kwenye kisanduku cha SEISS, ruzuku ya tano aiandike 3,200 aliyopokea, au 1,200 aliyostahili? Akiandika 3,200 kisha akarudisha 2,000, atakuwa amelipia kodi na bima ya taifa fedha ambazo si zake. Akiandika 1,200 kabla hajarudisha, namba haitalingana na kumbukumbu za HMRC (mamlaka ya kodi ya Uingereza), na tunahofia wataibadilisha wenyewe.

Pili, kanuni inataka aliyelipwa kupita haki yake aiarifu HMRC ndani ya siku 90. Hizo zimepita zamani, ila wakati anaomba hakujua. Akijaza fomu ya kurudisha sasa, kabla hawajamwandikia wao, faini inahesabiwaje? Na je, anaweza kuomba kulipa 2,000 kwa awamu? Mwezi huohuo wa Januari ana kodi ya kulipa, na bima ya gari inaisha.

Tunazo taarifa za app za kila wiki. Hizo huanza Jumatatu, kwa hiyo wiki ya kwanza na ya mwisho tumezihesabu safari kwa safari. Mkitaka tupange jedwali kwa namna fulani kabla ya kuwasiliana nao, tuelekezeni.

Wasomaji wenu,
London