Baba, huku kiingilio ni bure

St. Louis, Missouri
Marekani

Baba, shikamoo. Mama naye nampa shikamoo yake, na kabla hajauliza: nakula vizuri.

Uliniuliza kwenye simu watu wa huku wakipata mapumziko wanakwenda wapi. Jumamosi nikapanda treni mpaka Forest Park. Usifikirie uwanja wetu wa Furahisha hapo Mwanza, Baba. Hii bustani ilifunguliwa mwaka 1876 na ina ekari kama 1,300, zote ndani ya jiji. Humo mna makumbusho ya sanaa, makumbusho ya historia, bustani ya wanyama, viwanja vya gofu na mabwawa ya kupiga kasia. Nimetembea mpaka viatu vikaniuma na bado sijaimaliza.

Jambo lililonishangaza lilikuwa mlangoni pa makumbusho ya sanaa. Hakuna mtu wa tiketi. Unaingia tu. Kwa wanyama, hivyo hivyo. Wewe uliyekusanya ushuru sokoni miaka yote ile najua swali lako: nani analipa? Nami niliuliza. Mwaka 1971 wakazi wa jiji na wa kaunti ya jirani walipiga kura wakakubali kuongezewa kidogo kwenye kodi ya majengo, na nyongeza hiyo ina mfuko wake wa peke yake, kwa ajili ya taasisi hizi tu. Ni kodi kama ile mnayokatwa mkinunua umeme wa LUKU, ila hii mlipaji anajua inakwenda wapi. Mwenye nyumba wangu anailipa, halafu bila shaka ananirudishia mimi kwenye kodi ya pango, kwa hiyo nami nimechangia! Bure yenyewe ina mipaka pia: treni ndogo ya kuzungushia watoto kwenye wanyama inalipiwa, na mwenye gari analipia maegesho.

Viboko nimewaona kwa kioo, chini ya maji. Sisi wa ziwani kiboko tunamjua kwa masikio yake na kwa namna wavuvi wanavyogeuza mtumbwi haraka. Huku nikamwona mzima mzima, akitembea chini taratibu kama mzee anayetafuta kandambili zake gizani. Karibu hapo kuna tundu kubwa la ndege, watu wanapita ndani yake. Lilijengwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya mwaka 1904, yaliyofanyika hapa hapa, na yalipokwisha jiji likalinunua kwa dola 3,500. Hadi leo lina ndege.

Maonyesho hayo wenyeji wanayasimulia kwa fahari. Mimi yalinipa shida. Kulikuwa na watu walioletwa kutoka mbali ili watazamwe, akiwemo kijana wa Kongo aitwaye Ota Benga. Miaka miwili baadaye alitiwa kwenye nyumba ya nyani katika bustani ya wanyama ya New York, na mwaka 1916 akajiua. Nilikaa kwenye benchi muda mrefu kabla ya kuendelea.

Mwambie Masanja, anayejidai mkimbiaji, kwamba mwaka huo huo wa 1904 Olimpiki ilifanyika kwenye chuo kikuu kinachopakana na bustani hii. Len Taunyane na Jan Mashiani, Waafrika wa Afrika Kusini walioletwa kwa onyesho la vita vya Makaburu, waliingia kwenye marathoni. Mmoja akawa wa 9, mwingine wa 12. Hawakuja huku kwa ajili ya mbio.

Sasa Baba, nina neno. Watoto wa nyumba yetu hawajafika Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, na daladala za Kisesa zinazoelekea huko wanaziona kila siku. Ngoma za Wasukuma zipo pale, habari za Bagika na Bagalu, vile vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, zipo pale, na aliyepaanzisha ni padri mgeni kutoka Quebec, David Clement. Kisiwa cha Saanane ndiyo usiseme: hifadhi ya taifa ndani ya jiji, wanaiangalia kutoka Capri Point kisha wanarudi nyumbani.

Nimetuma pesa kwenye simu ya Mama. Ya ada ni ya ada, isiguswe. Inayobaki wapeleke Bujora kwanza. Saanane ingoje mwezi ujao, kwa sababu kuna boti na kiingilio. Risiti niwekee, ingawa najua huna tabia ya kuzitupa.

Mwanao,
Kabula