Kodi ya mirathi itawakosa mabwanyenye

Mhariri,

Wanaotaka Kenya irudishe kodi ya mirathi iliyofutwa mwaka 1982 wana hoja, ila mshale wao utamchoma asiyelengwa. Kodi ya aina hiyo huikamata mali inayohama mkono kwa sababu ya kifo. Mali ya mabwanyenye wengi haihami. Shamba, majengo ya kupangisha, hata magari, vimeandikwa kwa jina la kampuni, na kampuni haizikwi. Hisa zenyewe mzee alishawagawia wanawe akiwa hai, au ziko kwa wadhamini wa amana ya familia, yaani mpango wa kuwaachia wadhamini mali waishike kwa niaba ya familia, ambao Bunge liliutambua waziwazi katika sheria ya wadhamini mwaka 2021.

Sasa tazama ekari sita za mlalahoi ambazo hati yake ingali na jina la babu. Wajukuu wanalima, wanajenga, lakini benki haiwezi kuichukua hati hiyo kama dhamana. Pengo la matabaka linapanuka hapo hapo: mmoja anarithi mtaji, mwenzake anarithi kesi.

Na kesi yenyewe ina ngazi zake. Cheti cha kifo, barua ya chifu inayotaja warithi wote, sachi ya ardhi (cheti cha kuonyesha mmiliki aliyesajiliwa), ridhaa za warithi, kisha ombi mahakamani. Hakimu mkazi husikiliza mirathi isiyozidi thamani ya shilingi milioni 5, hakimu mkuu milioni 20. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Tangazo hutoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Msimamizi akishateuliwa, kwa kawaida husubiri miezi sita kabla ya uteuzi wake kuthibitishwa na mali kugawanywa. Hiyo ni kwa marehemu mmoja. Ikiwa babu alikufa, baba naye akafuata kabla hajapata fungu lake, mirathi ya baba haianzi kuiva mpaka ya babu iishe.

Mambo huharibika mapema, kwenye barua ya chifu. Mabinti walioolewa huachwa nje, na watoto wa nje ya ndoa hawatajwi kabisa. Sheria haiwabagui, na uteuzi uliopatikana kwa kuficha mrithi unaweza kufutwa hata baada ya kuthibitishwa. Familia inayodhani imeokoa muda hujikuta imerudi mwanzo, safari hii kila ndugu na wakili wake.

Kwa nyumba za wake wengi, watu hukosea hesabu. Wengi hudhani kila nyumba inapata sawa. Pasipo wosia, kifungu cha 40 cha Sheria ya Mirathi kinagawa kwa idadi ya watoto wa kila nyumba, na mjane aliye hai anahesabiwa kama kichwa kimoja zaidi. Mke wa kwanza ana watoto watatu, wa pili watano: hivyo ni vichwa vinne na sita. Ekari 20 zinakuwa 8 na 12. (Waislamu wana mafungu yao, na kadhi wao.) Kile marehemu alichompa mtoto enzi za uhai wake nacho kinatiwa kwenye hesabu, jambo ambalo kitinda mimba aliyejengewa nyumba hapendi kulisikia.

Hata nafuu ya kodi iliyopo inamfaa mwenye kasi. Familia ikiuza kipande ili kulipa madeni ya marehemu, inasamehewa kodi ya faida ya mtaji, yaani ya faida inayopatikana mali ikiuzwa, ambayo tangu 2023 ni asilimia 15, iwapo mauzo yatakamilika ndani ya miaka miwili tangu kifo. Baada ya hapo ni kumwomba Kamishna wa kodi aongeze muda, isipokuwa kuna kesi mahakamani kuhusu mirathi hiyo: hapo miaka miwili huhesabiwa tangu kesi iishe. Mwenye hati ya babu ambaye hata kesi hajafungua yuko wapi katika miaka miwili hiyo?

Asiye na kampuni anaweza kufanya mawili kwa gharama ndogo. Aandike wosia, ushuhudiwe na watu wawili wasiopata chochote ndani yake. Shahidi ambaye ni mrithi huhitaji mashahidi wengine wawili huru nyuma yake. Na wanandoa waandikishe shamba kwa umiliki wa pamoja usiogawika, ili mmoja akifa mwenzake abaki na lote kwa kupeleka cheti cha kifo kwa msajili wa ardhi, bila kesi ya mirathi. Wakiandikishwa kwa mafungu, nusu ya marehemu itakwenda mahakamani kama kawaida.

Wabunge nao, kabla ya kuifufua kodi, waitazame adhabu ya anayeuza mali ya marehemu bila idhini. Faini haizidi shilingi 10,000, ingawa kifungo chaweza kufika mwaka mmoja. Mjomba anayeuza ekari ya yatima akaponea kifungo anailipa faini hiyo kwa arubuni ya mnunuzi, na chenji inabaki.

Msomaji wako,
Nakuru