Neema, soma deni kabla ya mshahara

Mwanangu Neema,

Umenitumia vyuo vitatu vyenye shahada ya matangazo ya biashara, ukauliza kipi kina faida. Fungua College Scorecard, tovuti ya Wizara ya Elimu ya Marekani inayoonyesha mishahara na madeni ya wahitimu, na uende moja kwa moja kwenye kozi. Mshahara wa chuo kizima umechanganya wauguzi na wahandisi, hautakusaidia.

Hata kwenye kozi kuwa macho. Matangazo yamewekwa kapu moja na uhusiano wa umma, kwa hiyo namba moja inamhesabu mbunifu wa matangazo pamoja na anayeandikia hospitali taarifa kwa vyombo vya habari. Ni namba ya katikati: nusu wanapata zaidi, nusu pungufu, tena ni ya waliosomeshwa kwa msaada wa serikali kuu tu. Mshahara wa mwaka wa kwanza ulinganishe na wa mwaka wa kwanza, maana kazi hii huanzia chini. Kozi yenye wahitimu wachache haionyeshi namba kabisa, na hilo halimaanishi ni mbaya. Wala namba hizo hazijazingatia gharama za maisha: dola 50,000 za New York si sawa na 50,000 za Columbus, Ohio, ambako maisha ni nafuu.

Deni ndilo nataka ulisome taratibu. Mwanafunzi anayetegemea wazazi anaruhusiwa kukopa serikalini dola 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, kisha 7,500 kila mwaka. Miaka minne ni 27,000. Kwa hiyo ukiona vyuo viwili vyote vina deni la karibu 25,000, usidhani gharama zake zinalingana. Kimoja kinaweza kuwa na ada mara tatu ya kingine. Sheria ndiyo imewafunga wanafunzi wake wasikope zaidi. Kilichobaki huenda kimekopwa na wazazi, au kutoka benki. Mkopo wa mzazi umehesabiwa kando, utafute. Wa benki haumo kabisa.

Mkopo wa mzazi ukichukuliwa utakuwa kwa jina langu, si lako. Kuanzia Julai 1, 2026, wakopaji wapya wamewekewa kikomo cha 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa jumla kwa kila mtoto. Kikomo hicho bado ni kikubwa mno kwa familia yetu.

Chukua barua ya msaada wa fedha ya kila chuo. Chini ya udhamini wa masomo utakuta mistari kama 3,500 na 2,000, imejumlishwa kana kwamba ni zawadi. Hiyo ni mikopo, ikate. Ule wa 2,000 serikali huwa haikulipii riba yake, na riba inaanza tangu siku pesa zinapotoka. Gharama kamili ya mwaka, pamoja na chumba, chakula na vitabu, ondoa udhamini na ruzuku (msaada usiorudishwa) tu, kisha zidisha kwa nne, ukikumbuka ada hupanda.

Kwa riba ya mwaka wa masomo 2025-26, asilimia 6.39, kila 10,000 ukiilipa kwa miaka 10 ni takriban dola 113 kwa mwezi. Deni la 27,000 kwa muda huohuo ni 305 hivi, na malipo yanaanza miezi sita baada ya kuhitimu. Ningependa deni lote, lako na letu, lisizidi mshahara wa mwaka wa kwanza.

Halafu vipigie vyuo simu, uulize kazi za wanafunzi zinapitiwa na watu wa kampuni za matangazo mara ngapi kwa mwaka. Anayetaka kuandika au kubuni matangazo huajiriwa kwa kazi anazoweza kuonyesha. Nitumie barua zote tatu kabla ya Mei 1.

Mama yako