Mdogo wangu, figo za baba bado ziko tumboni mwangu

Mdogo wangu,

Nimepiga simu mpaka nimechoka. Wifi ndiye anayepokea, ananiambia umetoka ziwani, umelala. Basi naandika hapa hapa, najua wale vijana wa mtumbwini kwako watakuonyesha.

Siku ya kuanua matanga ya baba mkubwa nilikuwa nimejilaza chumbani kwa bibi. Ubavu wa kushoto ulikuwa umekaza tangu usiku, maumivu yanaanzia chini ya mbavu yanashuka hadi nyonga, hata kuinama kuokota kanga nilishindwa. Ukaja mlangoni, wajomba nyuma yako, ukasema kwa sauti ya kufika uani: "Aliyetoa figo yuko jikoni anasonga ugali. Aliyepewa amelala." Wawili watatu wakacheka. Mama mdogo alikuwa ameshika mwiko. Dirishani nilimwona akisimama kidogo, halafu akageukia sufuria akaendelea kusonga. Hakukujibu, nami hakuniangalia. Usiku alinikanda mgongo, hakuna aliyeligusa neno hilo. Mpaka leo sijui kama kimya chake kilikuwa cha kunitetea au alikuwa amekubaliana na wewe, na hilo ndilo ninalokudai.

Wewe ulidhani figo hubadilishwa kama injini ya mtumbwi, mbovu inang'olewa, nzima inafungwa palepale. Sivyo. Ile ya mama mdogo wameiweka mbele, chini ya tumbo upande wa kulia, na inafanya kazi vizuri, namshukuru Mungu na yeye. Zile zangu mbili wameziacha zilipo. Madaktari hawazitoi ila kwa sababu kubwa, kama zinavuja damu, zinashika maambukizi kila mara, au zimejaa tumbo hadi hakuna nafasi ya mpya. Mara nyingi husinyaa zenyewe, lakini polepole, kwa miaka. Figo ya mtu mzima mwenye afya ina urefu wa sentimita 10 hadi 12. Yangu ya kushoto ilipopimwa ilikuwa 22, imejaa vifuko vya maji kila mahali. Kifuko kikivimba kinavuta ngozi ya figo, kikipasuka ni damu, kikiingia vijidudu ni homa ya kutetemeka. Hiyo bado ninayo, mdogo wangu. Figo mpya inasafisha damu. Haiondoi maumivu ya zile za zamani.

Na umeyaona ya kabla, usijifanye umesahau. Uliniona Mwaloni Kirumba wanawake wa dagaa wakinipisha kwenye benchi, wakiniuliza nina miezi mingapi, na mimi sina mimba. Umenisindikiza hospitali ya Bugando kwenye mashine ya kusafisha damu, muda wa saa nne kila nikilala pale, mara tatu kwa wiki, ukaninunulia machungwa ambayo hata sikuruhusiwa kula. Ulilia ile siku nilipopanda basi la Dodoma kwenda kupandikizwa. Ndiyo maana neno lako la mlangoni liliniuma kuliko la mtu baki. Angesema jirani ningeshasahau.

Unasema eti nilikuchukia kwa sababu hukunipa figo. Sikukuomba! Hata daktari aliposema ndugu wapimwe, nilimwambia aanze na upande wa mama. Ugonjwa huu wa vifuko kwenye figo umetoka kwa baba. Kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi, mimi nimeshaupata, wewe hujapima. Wakati baba tumbo limekuwa gumu tukaambiwa amerogwa, zile chale za mganga ubavuni ulizishuhudia, na pale Busisi tukisubiri pantoni alikuwa amejishika mahali palepale ninapojishika mimi. Siku hizi watu wanapita juu ya daraja dakika chache tu. Kila nikipita namkumbuka.

Na ndiyo, nilimwambia wifi habari za ugonjwa huu. Ningemwambia tena leo. Ana watoto wako watatu, na kama unao ugonjwa, kila mmoja wao ana ile nusu yake. Unaniita mchochezi, lakini nani mwingine angemwambia? Yeye ndiye anayekuona unaamka kichwa kinauma, ndiye anayetumwa duka la dawa kununua diklofenaki za mgongo. Unasema ni kuvuta nyavu. Inawezekana. Ila dawa hizo zinaumiza figo, na mwenye presha zinampandishia. Mimi hata nikiumwa vipi sizigusi. Naanza na parasetamoli, ikishindikana naenda kliniki. Dawa za kuzuia mwili usiikatae figo nazimeza asubuhi na usiku saa ileile, maisha yangu yote, na hizo ndizo zilizonizuia kuja kisiwani kwenye ubarikio wa binti yako. Zilikuwa zimebaki chache, nisingeweza kuhatarisha meli ichelewe. Wifi nilimweleza. Kama hakukufikishia, muulize.

Umeshapita miaka 40. Kwa umri huo kipimo cha ultrasaundi kikikuta figo safi, hofu imekwisha, nawe utanitukana ukiwa mzima. Kikikuta vifuko, kuna la kufanya mapema kuliko nilivyofanyiwa mimi: presha ishushwe na ikae chini, chumvi ipungue, dawa za dukani ziachwe, damu ipimwe kila mara kuona figo zinavyokwenda. Mimi nilifika presha imeshanila.

Mbalamwezi ikiingia dagaa hamna, utakuwa umekaa bure. Panda meli ya Nansio uje, nauli nitamtumia wifi kwenye simu. Kwa mama mdogo utapita mwenyewe, mimi sikusindikizi. Na ukifika kwa daktari usiseme mgongo unauma, maana watakupa zilezile dawa. Sema baba yako alikufa kwa figo, na dada yako amepandikizwa.

Dada yako