Mwanangu, usifunge mlango

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, alhamdulillahi, ila baba yako goti linamsumbua kila mvua ikinyesha, na kupanda mkarafuu ndiyo basi tena.

Mkeo kanambia mnahamia Unguja nyote, Januari watoto waanze skuli huko. Sikulala. Kwenda kutafuta maisha sijakukataza hata siku moja. Wewe ndiye uliyetujengea hii nyumba ya matofali, na kila apitaye namwambia ni ya nani. Lakini kwenda peke yako ukarudi si sawa na kubeba mke, watoto na vyungu.

Sheha alitusomea hesabu za sensa. Pemba mwaka 2012 ilikuwa na watu 406,848, na 2022 imefika 543,441. Wanaume barazani wakafurahi kuwa tumeongezeka. Mimi nikajiuliza hao watu wako wapi, maana hapa kwetu ukitoka msikitini mpaka kwenye mwembe, milango ina makufuli. Mjini Magharibi huko Unguja peke yake ina watu 893,169, karibu nusu ya Zanzibar nzima. Wewe mwenyewe usiku wa kuamkia Agosti 23 ulilala huko, ukahesabiwa huko. Mkeo na watoto waliandikwa hapa. Ukiwachukua na wao, sensa ijayo nyumba hii itaandikwa wazee wawili, tukijaaliwa.

Juzi tumemzika jirani yetu. Waliochimba kaburi ni watu tuliowapigia simu kijiji cha pili, na jeneza walilibeba wazee wenzake, wanakwenda kidogo wanasimama, wanapokezana. Baba yako na goti lake alikuwamo. Nilisimama ukumbini nikawatazama mpaka wakaingia kwenye mikarafuu. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, mwanangu, si pesa.

Najua utasema huku hakuna kazi. Kweli. Mwani tunashinda majini kwa fedha ya sukari, na bondeni maji ya chumvi yamepanda, mpunga haukujaa hata polo moja. Lakini karafuu zikizaa zinataka mikono. Msimu uliopita wachumaji tuliwatoa mbali, tukawalipa kwa pishi. Wakishaondoka, mimi na mkeo tunabaki kuchambua karafuu kutoka kwenye makonyo mpaka saa sita za usiku. Siku moja mvua ikazikuta majamvini, hatukuwahi kuzianua zote, nyingine zikaharibika, zikawa mpeta. Ukimchukua, nitachambua na nani?

Na lile shamba la juu usilitaje tena kwa baba yako. Lilipouzwa wewe ulikuwa unasoma, na ada ile ilitoka wapi?

Watoto waache wamalize juzuu zao chuo cha Kurani kwanza. Mkubwa anasoma vizuri, sauti kaichukua kwako. Skuli ipo, walimu wapo, wanafunzi ndio wanaopungua. Usilipe chochote huko mpaka uje tuzungumze, wewe, mimi na baba yako, tukikaa chini. Kwa simu sitaki.

Bati la jikoni limetoboka, njoo na misumari ile yenye mpira. Mbuzi mweupe kazaa pacha. Sukari usilete, ipo. Bahari ikichafuka usipande meli ya usiku, ngoja boti ya asubuhi, na ukishuka bandarini Mkoani nipigie nijue nikupikie nini.

Wasalaam,
Mama yako